HAKIMILIKI: HAKI YA MTUNZI NA HAJA YA MTUMIAJI

Hakimiliki ni haki anayopewa na sheria mtunzi wa kitabu, wimbo, mchoro au kazi nyengine ya sanaa, ili mtu mwengine asiinakili wala kuiuza bila ya idhini yake. Kinacholindwa ni namna kazi ilivyotungwa, si wazo lililomo. Kila mtu ana ruhusa ya kuandika habari za karafuu, lakini hana ruhusa ya kuchapisha kurasa za mwenziwe.

Jambo hili halimo katika Mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo, Tanzania Bara ilitungiwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, na Baraza la Wawakilishi likatunga Sheria ya Zanzibar mwaka 2003.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unataka kazi ilindwe kwa uhai wote wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Mchumia juani hulia kivulini. Hapa hata warithi wake hupata kivuli hicho.

Hata hivyo, Mkataba huo haukuwasahau watumiaji. Unaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haja, na pia nchi kuweka ruhusa maalumu, kwa sharti kwamba zisiharibu soko la kawaida la kazi wala kumdhuru mtunzi pasipo sababu ya haki.

Mfano ulio wazi ni wa wasioona. Katika nchi nyingi, kitabu hakikuweza kugeuzwa maandishi ya nukta nundu bila ya idhini, na nakala iliyokwisha tengenezwa haikuweza kupelekwa nchi nyengine. Mwanafunzi alibaki akingoja kitabu ambacho wenziwe wanacho mkononi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulikusudiwa kuondoa vikwazo hivyo viwili, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020.

Kwa hivyo, marekebisho yoyote ya sheria hayana budi kupima pande zote mbili. Sheria ikikazwa kupita kiasi, skuli na maktaba hukosa vitabu. Ikilegezwa mno, mtunzi hukosa riziki na kalamu yake hukauka. Ruhusa ya kumsaidia msomaji asiyeona si ruhusa ya kunakili kitabu kizima na kukiuza sokoni.