Milango Minne ya Moyo

Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita valvu. Kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi ilikotoka, karibu mara 100,000 kwa siku. Mlango huharibika kwa namna mbili: husinyaa ukashindwa kufunguka vya kutosha, au hushindwa kufunga sawasawa, damu ikavuja kurudi nyuma. Wengine wana yote mawili katika mlango mmoja.

Uzeeni, unaosinyaa zaidi ni mlango wa aota, damu inapotokea kwenda mwilini. Madini ya chokaa huufanya uwe mgumu mwaka hadi mwaka, mpaka mtu anazirai akipanda ngazi.

Kwetu Afrika Mashariki maradhi haya hayangoji uzee. Mara nyingi huanzia kooni mwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Bakteria aina ya streptokoka humletea mafindofindo, na wiki chache baadaye kinga ya mwili hukosea shabaha, ikashambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Goti huvimba, maumivu yakahamia kifundo cha mguu, kisha yakaisha yenyewe. Hapo familia hupumua, na hapo ndipo hatari ilipo: magoti hupona, lakini mlango wa moyo hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza jingine.

Unaoumia zaidi ni mlango wa mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ukisinyaa, damu hurundikana mapafuni. Msichana anaweza kuishi miaka bila kujua, hadi ashike mimba. Damu yake huongezeka kwa karibu nusu, na upenyo uliokuwa ukitosha hautoshi tena. Anakohoa, halali chali, anatibiwa pumu. Mjamzito wa namna hii asirudishwe nyumbani kabla moyo wake haujapimwa kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Mitrali iliyosinyaa huweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, njia aliyoianzisha Kanji Inoue wa Japani mwaka 1982. Inayovuja sana haifai puto. Hurekebishwa au hubadilishwa. Valvu ya kutengenezwa hudumu, lakini humfunga mgonjwa na vidonge vya wofarini vya kuzuia damu isigande maisha yote, dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya tishu ya mnyama humwepusha na hilo, ila huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi. Ni uchaguzi mzito mno kwa binti wa miaka 20.

Ndiyo maana naitetea sana sindano ya penisilini ya benzathini, inayozuia shambulio la baridi yabisi lisirudi. Inauma, na huchomwa kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, hata mtoto akiwa anacheza mpira bila shida yoyote.