Mtetemo Huru na Mtikisiko: Fizikia Sahili kwa Istilahi za Kiswahili

Vitenzi "tikisa" na "tetema" hukaribiana kimaana, lakini sarufi yao haifanani. "Tikisa" huhitaji mtendwa: upepo huutikisa mti. "Tetema" hakihitaji mtendwa: kitu hutetema chenyewe. Tofauti hiyo yaweza kuwafaa wanafunzi wa fizikia katika kulieleza jambo lenye uzito mkubwa kwa mji wa Bukavu, uliojengwa juu ya miteremko ya Ziwa Kivu, ndani ya Bonde la Ufa.

Mfano sahili ni kigari kilichofungwa ukutani kwa springi, juu ya sakafu isiyo na msuguano. Kikivutwa kidogo kisha kikaachwa, springi hukirudisha. Kifikapo mahali pake pa utulivu tayari kina mwendo, hivyo hupapita na kuibana springi, nayo hukisukuma tena. Mtetemo huo huitwa huru, kwa sababu baada ya kuachwa hakuna kani ya nje inayokisukuma. Huitwa pia usiofifia, kwa kuwa hakuna kinachoipunguza nishati yake.

Muda wa mzunguko mmoja, yaani kipindi, hutegemea mambo mawili tu: masi (m) na ukakamavu wa springi (k).

T = 2π√(m/k)

Kigari cha kilo 1 chenye springi ya nyutoni 100 kwa mita kina kipindi cha sekunde 0.63 hivi. Masi ikifanywa kilo 4, kipindi huwa maradufu, sekunde 1.26. Kukivuta zaidi hakubadili kipindi, maadamu kani ya springi inaongezeka sawia na mvuto. Kipindi, basi, ni tabia ya mfumo wenyewe, wala si ya mkono unaouvuta.

Nyumba nayo ni mfumo wa aina hiyo: sakafu za juu ni masi, nguzo na kuta ni springi. Kwa makadirio ya wahandisi, kipindi chake ni sekunde 0.1 hivi kwa kila ghorofa. Ardhi inapoitikisa kwa mapigo yanayolingana na kipindi hicho, kila pigo huongeza upana wa mtetemo. Kwa hiyo anayeongeza ghorofa juu ya nguzo za zamani habebeshi nguzo mzigo tu. Huipa nyumba nzima kipindi kipya, ambacho mjenzi wa kwanza hakukikadiria.

Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu Bukavu na ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda. Si kila ukuta uangukao huangushwa na ulinganifu wa vipindi. Matofali hafifu na saruji haba huua pia. Vilevile, hakuna nyumba isiyo na msuguano: mtetemo wake hufifia upesi. Hata hivyo, kipindi hubaki karibu kilekile, na ndiyo maana hesabu huanzia kwenye mfumo sahili.

Yafaa basi istilahi zitenganishwe darasani: "mtikisiko" uwe wa kile kinachosukumwa na kani ya nje, na "mtetemo huru" uwe wa kile kinachofuata kipindi chake chenyewe. Ardhi haizuiliki kutikisika. Kipindi cha nyumba huamuliwa na mjenzi.