Bolti na Nati za Injini ya Gari la Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mtu anayeamua kufufua injini ya gari la zamani, liwe Morris Minor aliloachiwa na babu yake, Volkswagen Beetle au Land Rover ya shambani, kwa kawaida huanza kwa kupigia hesabu vitu vikubwa: pistoni, ringi, beringi, gasketi, pamoja na gharama za kuchonga silinda na kusaga kranki. Bolti na nati huachwa mwisho. Mara nyingi huokotwa katika kopo la karakana, au hununuliwa kwa kigezo kimoja tu, kwamba zinaingia kwenye tundu.

Sisi tunamshauri mtumiaji abadili mpangilio huo. Bolti ni kipuri kama vipuri vingine. Ina kipimo chake, nguvu yake na mwisho wa maisha yake. Isipofaa, yote aliyoyalipia yanaweza kupotea kwa dakika moja.

Tuchukue mfano wa konrodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Injini inapozunguka mara 4,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuza mwelekeo mara 8,000 katika dakika hiyo hiyo. Mzigo wa mivuto hiyo hubebwa na bolti mbili ndogo zinazofunga kifuniko cha konrodi. Moja ikikatika, konrodi hufunguka na inaweza kutoboa ukuta wa bloku. Bloku ya gari la miaka ya 1950 haipatikani kwa urahisi, na gari likizimika ghafla mlimani au mbele ya lori, hasara haiishii kwenye fedha.

Kwanza, tambua aina ya nyuzi

Nyuzi ni mikato inayozunguka mwili wa bolti. Magari ya zamani hayakufuata mfumo mmoja. Magari ya Kiingereza ya awali yalitumia nyuzi za Whitworth, ambazo Joseph Whitworth alizipendekeza mwaka 1841 na ambazo pembe yake ni digrii 55, pamoja na nyuzi za BSF zenye pembe hiyo hiyo lakini zilizo laini zaidi. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya mfumo mmoja wa inchi wenye pembe ya digrii 60, ndio unaojulikana kwa herufi UNF kwa nyuzi laini na UNC kwa nyuzi nene. Magari ya Ujerumani, Ufaransa na Japani yalitumia vipimo vya milimita.

Yapo pia magari yanayochanganya mifumo. Injini za MG za aina ya TC na TD zina nyuzi za milimita, ilhali vichwa vya bolti zake hufunguliwa kwa spana za Whitworth. Sababu ni ya kihistoria: kiwanda cha injini cha Coventry, ambacho Morris ilikinunua mwaka 1923 kutoka kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss, kilikuwa na mashine za kukata nyuzi za milimita. Kwa hiyo, spana inayofaa kichwa cha bolti haithibitishi aina ya nyuzi zake.

Hatari kubwa iko kwenye vipimo vinavyokaribiana. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, ya milimita 8 huizidi kwa tofauti isiyoonekana kwa macho. Ukiingiza ya milimita 8 katika tundu la inchi 5/16 lenye nyuzi za UNF, itashika mizunguko michache kisha itakaza. Fundi mwenye haraka hudhani ni kutu, akaongeza nguvu, na nyuzi za bloku zikaharibika. Vilevile, bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa kila inchi, na ya UNC ina 13.

Kanuni ni rahisi. Bolti sahihi, ikiwa safi, huingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikataa, isilazimishwe. Mwombe fundi aipime kwa kipimo cha nyuzi, kifaa kidogo chenye bapa za meno ambacho bei yake si kubwa.

Pili, soma alama za kichwani

Bolti nyingi za milimita zilizotengenezwa kwa kufuata viwango hupigwa alama kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu ya kukatika kwa megapaskali. Ya pili huonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti huweza kubeba kabla ya kurefuka moja kwa moja. Bolti ya 8.8, basi, hukatika kwenye megapaskali 800 hivi, na huanza kurefuka bila kurudi kwenye megapaskali 640.

Kwa bolti za inchi za mfumo wa Kimarekani, alama ni mistari inayotoka katikati kwenda pembeni. Mistari mitatu ni daraja la 5, na mistari sita ni daraja la 8. Isiyo na mstari wowote ihesabiwe kuwa ya chuma laini: inaweza kufunga kibao cha namba, lakini haifai kufunga konrodi.

Hata hivyo, daraja la juu kuliko lililoagizwa si lazima liwe bora. Chuma kinapoongezewa ugumu hupungukiwa na uwezo wa kunyumbuka. Nunua daraja lililotajwa katika kitabu cha matengenezo cha gari lako. Ikiwa bolti ya asili ina alama ya mtengenezaji pekee, tafuta namba ya kipuri katika kitabu hicho badala ya kukisia.

Tatu, jua zipi zisirudishwe

Bolti iliyokazwa vizuri hufanya kazi kama springi: hurefuka kidogo sana na kuvuta vipande viwili pamoja. Ikikazwa kupita kiasi hurefuka bila kurudi, na nguvu yake ya kushika hupungua. Kabla ya kurudisha bolti yoyote ya ndani ya injini, hakikisha mambo haya yamefanywa:

• Bolti zote za kundi moja zilinganishwe urefu. Iliyozidi wenzake itupwe.
• Mwili wake uangaliwe kama kuna mahali palipokonda kama kiuno.
• Nati iteremshwe kwa vidole kwenye nyuzi zote. Ikikwama mahali pasipo na uchafu, bolti hiyo imevutika.
• Yenye mashimo ya kutu, ufa au kichwa kilichoviringika isirudishwe.

Kwa bolti za konrodi, ushauri wetu ni kununua mpya kila injini inapofunguliwa. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya bloku. Na ikiwa kitabu kinaagiza bolti ikazwe kwa nguvu fulani kisha izungushwe kwa digrii kadhaa, yaelekea ni ya aina inayokusudiwa kurefuka. Hizo hutumika mara moja tu, isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo.

Nne, kung'aa si uimara

Wenye magari ya zamani hupenda injini inayopendeza, na wauzaji wanalijua hilo. Bolti za kawaida za chuma kisichoshika kutu, zenye alama A2-70, zina nguvu ya kukatika ya megapaskali 700, yaani chini ya 8.8. Zaidi ya hayo, nyuzi zake huweza kung'ang'aniana zinapokazwa. Zinafaa kwenye vifuniko vya nje; zisitumike kwenye konrodi, beringi za kranki, flaiwili wala silinda hedi. Bolti ngumu sana kama za 12.9 zisipelekwe kupakwa kromu au zinki kwa fundi wa mtaani, kwa sababu mchakato huo huweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma na kuifanya bolti ikatike ghafla siku kadhaa baada ya kukazwa.

Nati zenye pete ya nailoni zisiwekwe karibu na ekzosi, kwa kuwa nailoni hulainika kwa joto. Mahali hapo nati za shaba ya njano hufaa zaidi, kwani hazigandi kwa kutu.

Tano, simamia ukazaji

Bolti nzuri iliyokazwa vibaya haina faida. Sehemu kubwa ya nguvu ya spana, takriban asilimia 90, huishia kwenye msuguano. Ni kiasi kidogo tu kinachoivuta bolti. Ndiyo maana nyuzi chafu hudanganya spana ya kipimo, na ndiyo maana ni lazima kujua kama kitabu kimekusudia nyuzi kavu au zilizopakwa mafuta. Mafuta yasijazwe katika tundu lisilotokea upande wa pili, maana bolti ikiyasukuma yanaweza kupasua bloku.

Vipimo navyo visichanganywe. Nati za silinda hedi ya Morris Minor yenye injini ya A-Series hukazwa kwa paundi-futi 40, ambazo ni nyutoni-mita 54. Fundi akisoma 40 hiyo kwenye spana ya nyutoni-mita, atakuwa amekaza kwa robo tatu tu ya nguvu inayotakiwa, na gasketi itaungua mapema. Hata gari la aina moja huweza kuwa na vipimo viwili: Volkswagen Beetle yenye stadi za hedi za milimita 10 hukazwa kwa paundi-futi 23, na yenye stadi za milimita 8 kwa paundi-futi 18. Kwa hiyo kipimo kisemwe kwa injini iliyopo mezani, si kwa jina la gari.

Sita, weka makubaliano kwa maandishi

Kabla ya kazi kuanza, mwombe fundi aandike bolti zipi zitakuwa mpya, za daraja gani, na nani atazinunua. Dai urudishiwe za zamani. Fundi mwaminifu hatachukia. Maandishi hayo yanamlinda yeye pia. Dukani, dai risiti inayotaja kipimo na daraja, si neno "spea" peke yake, na upige picha alama za vichwani kabla bolti hazijafungwa.

Ukigundua kwamba umeuziwa bolti isiyolingana na maelezo, usiifunge na usiitupe. Irudishe pamoja na risiti, na malalamiko yako yawe ya maandishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouza, na mtumiaji anaweza kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Ushindani. Suala likihusu ubora wa bidhaa kwa mujibu wa viwango, Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye dhamana hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la zamani, ufa huo mara nyingi ni bolti moja ambayo hakuna aliyeuliza ilikotoka. Tunamsihi mtumiaji aulize mapema, injini ikiwa bado imefunguliwa mezani na kila kitu kikiwa bado kinaweza kurekebishwa.