Siku tisa barabarani kule Bulaya: wafu wa mugodi wana majina

Mukisikia mume na mke wamekwenda kutembea Bulaya, wengi munawaza madirisha ya maduka, picha chini ya mnara wa Paris, na masanduku ya kujaa nguo. Sisi hatukufika Paris. Mimi na bibi yangu tulitumia siku tisa mu motokari ndogo ya shemeji yangu anayekaa Bruxelles, tukazunguka Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa: Tervuren, Anvers, Ostende, Calais, Lens na Charleroi. Kwa jumla ni karibu kilometa 600, kama vile kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi na kurudi. Shaba yetu ilitutangulia kule miaka mingi.

Nawaandikia ninyi watu wa migodi, bapapa, bamama na watoto, juu mambo tuliyoyakuta njiani yanatugusa sisi pia.

Tervuren: majina saba mu kivuli

Tulianza Tervuren, kando ya Bruxelles, penye jumba la makumbusho ya Afrika. Ndani kuna ukuta wa majina 1.508. Ni Wabelgiji waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908. Wakongo waliokufa wakati ule kwa kazi ya mpira na kubeba mizigo hawakupewa mstari hata mmoja.

Mwaka 2018, jumba lilipofunguliwa upya, msanii wetu Freddy Tsimba aliweka kazi yake kwenye madirisha. Jua likipiga kioo, kivuli cha majina saba ya Wakongo kinaanguka juu ya ule ukuta. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa kule kuonyeshwa kwa watu kama vitu vya sokoni. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa, na majina yameandikwa. Bibi yangu aliyasoma yote saba kwa sauti, polepole, kama vile tunavyofanya ku kilio.

Anvers: uzine ambayo wazee waliijua kwa jina

Kutoka pale mpaka Anvers ni chini ya saa moja. Barabara haina mashimo, na hatukulipa péage hata moja mu Ubelgiji. Bibi yangu, mwenye kuzoea barrière za njia ya Likasi na Kolwezi, alikuwa anashika feza mkononi bure.

Anvers ni mji wa bandari kwenye mto Escaut. Meli za kutoka Matadi zilikuwa zinashusha mizigo pale. Mu maduka wanauza biskuti na shokola za umbo la mkono, juu ya hadithi yao ya zamani ya jitu lililokatwa mkono na kutupwa mu mto. Muuzaji alitupa moja tuonje. Bibi yangu aliirudisha: "Hapana, mama. Kwetu mukono ya kukatwa haikuwaka hadithi."

Kusini ya mji iko Hoboken. Shaba na kobalti ya Katanga ilikuwa inasafishwa pale na mu Olen, mji mwingine wa karibu. Tangu 1922, Olen ndiko walikuwa wanatoa radium mu majiwe ya Shinkolobwe. Union Minière ilibadilisha jina mwaka 2001, ikawa Umicore. Leo uzine ya Hoboken inayeyusha simu za zamani na betri zilizokufa, ili madini yatoke tena.

Tulisimamisha motokari mu mtaa wa Moretusburg, nyumba za wafanyakazi zilizo karibu sana na uzine. Watoto wa mtaa ule wanapimwa damu mara mbili kwa mwaka juu ya plomb inayotoka mu moshi na vumbi. Mwaka 2020, vipimo vilipopanda, kampuni ilikubali kununua nyumba za wale waliotaka kuhama. Sisifu kampuni. Nasema tu kwamba kila mtoto ana karatasi yenye jina lake na kipimo chake, na mwenye karatasi anaweza kudai.

Ostende mpaka Calais: kando ya bahari

Bahari ya kule ina rangi ya majivu, na upepo wake unaweza kukunyanganya kofia. Pwani yote ya Ubelgiji ina kilometa 67 tu, na tramu moja inaipita kutoka La Panne mpaka Knokke. Tuliacha motokari Ostende tukapanda tramu, tukala makome na viazi vya kukaanga. Bibi yangu hakuwahi kukanyaga maji ya chumvi. Alivua viatu, akaingia mpaka magoti, akapiga kelele ya baridi, watoto wa Wazungu wakacheka naye.

Mbele ya bahari, Léopold II amekaa juu ya farasi wa shaba nyeusi. Chini yake kuna wavuvi wa Ostende upande mmoja, na Wakongo upande mwingine wanaomwangalia kwa shukrani. Mwaka 2004 watu wa mji wenyewe walikuja wakakata mkono wa Mkongo mmoja wa sanamu ile, ili kila mpita njia aulize kwa sababu gani. Na kweli, mimi niliona watalii wakiuliza.

Tukafuata pwani, tukaingia Ufaransa bila mtu kutusimamisha, tukapita Dunkerque, tukafika Calais. Kutoka vilima vyeupe vya Cap Blanc-Nez unaona Uingereza ng'ambo ya maji. Kandokando ya barabara walitembea vijana wenye mabegi mgongoni, wanaongoja bahati ya kuvuka. Sisi tulikuwa na visa na tarehe ya kurudi. Bibi yangu alinyamaza mpaka tulipotoka mu mji.

Lens: siku ishirini chini ya udongo

Njia kubwa ya kwenda Lens ni ya kulipa, lakini unalipa mashine, hakuna mutu. Kisha unaona vilima viwili vyeusi, vyenye ncha, karibu mita 186. Mutu wa Lubumbashi anatambua mara moja: ni uchafu wa mugodi, ndugu ya kilima chetu kilicho kando ya dohani. Ni vya shimo 11/19 pale Loos-en-Gohelle. Watu wanapanda kufanya michezo. Makaa yalikwisha mu jimbo lile mwaka 1990, na mu Lens, juu ya shimo namba 9, wamejenga jumba la picha la Louvre.

Karibu na pale, tarehe 10 Machi 1906, vumbi la makaa liliwaka mu migodi ya Courrières na kuua watu 1.099. Kampuni iliacha kutafuta mapema. Siku ya ishirini, watu 13 walitoka wenyewe, wazima. Wake walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za kufiwa. Hasira ilipanda, mugomo ukaenea jimbo lote, na Julai ya mwaka ule bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kupumzika siku moja kila juma. Ndugu, ukipumzika siku ya Mungu, ukumbuke kwamba kuna watu walioilipia.

Marcinelle: 262

Siku ya mwisho tulifika Bois du Cazier, Marcinelle, karibu na Charleroi. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, mu mita 975, wagoni haikuingia vizuri mu cage. Ilikuwa inatokeza. Cage ikapanda kabla ya wakati. Wagoni ikagonga boriti, ikakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa. Moto ukawaka mu shimo lile lile lililokuwa linashusha hewa, kwa hiyo moshi ulifuata watu mpaka mahali pa kazi. Wenye kufanya kazi mu shimo wanaelewa bila mimi kueleza zaidi.

Watu 275 walikuwa chini. Walikufa 262, wa mataifa 12. Waitalia walikuwa 136, juu serikali yao na ya Ubelgiji zilipatana mwaka 1946: nipe wafanyakazi, nikuuzie makaa. Mbele ya sheria, mutu mmoja tu, mhandisi, alipata adhabu: miezi 6 bila kuingia gereza, na faini. Lakini kisha ajali ile, Italia ilikataa kupeleka tena vijana wake mu migodi ya Ubelgiji.

Lango la chuma wanawake walilolishikilia siku zile, wakingoja habari, liko bado. Bibi yangu aliweka mkono pale. Ndani, majina yote 262 yameandikwa, na kila mwaka tarehe 8 Agosti wanayasoma kengele ikilia. Tangu 2012 mugodi ule ni urithi wa dunia wa UNESCO. Bibi yangu akaniuliza: "Papa, bale banasoma majina ya batu yabo yote. Ya betu banayasomaka wapi?"

Tufanye nini

Swali lile ninalileta kwenu. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakiomba mshahara walipigwa risasi mu uwanja wa mupira, hapa Lubumbashi. Léonard Mpoyi tunamjua kwa jina. Wengine waliokufa naye, hata hesabu yao inabishiwa mpaka leo. Juni 2019, Kolwezi, udongo ulifunika creuseurs zaidi ya 40. Nani kati yetu anaweza kutaja kumi?

Ukuta wa mawe unaomba feza nyingi. Kitabu cha mistari kinauzwa ku kila duka. Kila kampi, kila kooperative ya creuseurs, kila timu ya sendika iwe na kimoja. Ajali ikitokea, delege aandike siku ile ile: jina kamili la marehemu na la baba yake, kazi yake, shimo, saa, sababu, na majina ya wenzake wawili walioona. Jina la mjane na la watoto lifuate. Nakala moja ikae ku sendika, ingine ikae mu mikono ya mjane, si ya shemeji wala ya mukubwa wa kazi.

Mumesikia mara ngapi mjane anajibiwa ku ofisi kwamba bwana yake hayuko mu liste? Kabla ya kujadiliana feza, wanajadiliana kama marehemu alikuwako. Waitalia wa Marcinelle walikuwa wageni na maskini, na ukuta unawataja mmoja mmoja. Wetu wako kwao, mu udongo wa babu zao. Tuanze na wazee wa retraite wenye kukumbuka, kabla hawajaondoka na majina kichwani.