Siku Zinazofuata Kisu

Kujifungua kwa upasuaji, yaani mtoto kutolewa kwa kupasua tumbo na mji wa mimba, huhesabiwa na jamaa wengi kuwa kumekwisha pindi mama anapotoka chumba cha upasuaji akiwa hai na mtoto akisikika akilia, ilhali mwili wake ndio kwanza unaanza kazi ya kuuguza kidonda kilichopita tabaka kadhaa, huku ukiwa katika nifasi, kipindi cha takriban siku 40 ambacho mji wa mimba hunywea na damu ya uzazi hukatika. Utafiti uliokusanya taarifa za wiki moja katika hospitali za nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba mama wapatao 5 katika kila 1,000 waliopasuliwa walifariki, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri, na kwamba tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa kutokwa na damu nyingi.

Kwa hiyo ubora wa huduma katika saa za mwanzo hauhitaji mitambo ya bei kubwa, bali muuguzi mwenye nafasi ya kurudi kitandani kwa mzazi kila mara, akapapasa tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza, akatazama damu inayotoka, akapima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na akaangalia mkojo unaoteremka katika mpira. Nafasi hiyo hutoweka pale muuguzi mmoja anapokesha na wodi nzima.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni maumivu. Mzazi ambaye dawa ya ganzi imemwisha na hakupewa nyingine ya kutuliza hashuki kitandani, na asipotembea damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni na kumuua. Tena hupata shida kumpakata mtoto, akachelewa kumpa dang'a, maziwa ya kwanza mazito yenye kinga. Kumwambia avumilie kwa sababu uzazi ni uchungu ni kumnyima tiba anayostahili.

Hatari ya maambukizi, kwa upande wake, humfuata nyumbani. Katika hospitali ya wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, wazazi waliochunguzwa siku ya 10 hivi baada ya upasuaji walikutwa na maambukizi ya kidonda kwa asilimia 10.9, wakati ambao kwa kawaida mama huwa amekwisha kuondoka wodini. Nyumbani huko ana hazina yake, kwani bibi na mashangazi humpokonya ndoo na jembe, wakampikia mtori au uji wa pilipili manga. Lakini desturi ya kumkanda mzazi tumboni kwa maji ya moto, ikifanywa juu ya mshono mbichi, huweza kuunguza ngozi na kufumua kidonda. Homa, usaha, harufu mbaya au damu inayozidi badala ya kupungua ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama aonwe na mtaalamu kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Inasikitisha kwamba mara nyingi anayeonwa ni mtoto, akapimwa uzito na kuchanjwa, huku mama aliyembeba akiondoka bila mshono wake kufunuliwa.

Tena mji wa mimba wenye kovu unaweza kuchanika katika uchungu wa uzazi ujao, ndiyo maana mzazi hushauriwa apumzike walau miezi 24 kabla ya mimba nyingine na ajifungulie palipo na huduma ya upasuaji. Sababu ya kupasuliwa na namna mji wa mimba ulivyokatwa vingepaswa kuandikwa katika kadi yake na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa mkunga wa mimba ijayo atayauliza hayo, na wengi hawana la kumjibu ila kwamba walipasuliwa.