Paka Aliyefiwa: Neno Lake na Malezi Yake

Kitenzi kufa kikitiwa katika kauli ya kutendea huwa kufia, na kikiongezwa kiambishi cha kutendwa huwa kufiwa. Tunasema: mzee amekufa, mzee amemfia mkewe, mke amefiwa na mumewe. Uzuri wa umbo hili la tatu ni kwamba aliyebaki ndiye anayekuwa kiima cha sentensi. Aliyekwenda amekwenda, habari sasa ni ya aliyesalia.

Hapa Uganda wanafunzi wetu hulizoea neno hili mapema, maana ndilo la kuombea ruhusa ya kwenda mazishini. Utata hutokea linapotumiwa kwa mnyama. Katika darasa moja la insha mwanafunzi aliandika kwamba paka wao amefiwa, na wenzake wakaangua kicheko. Kisarufi sentensi yake haina kasoro, kwani paka huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Kinachostahili kukumbushwa ni kwamba kufariki na kuaga dunia ni maneno ya heshima kwa binadamu, ilhali paka hufa. Tena tuandike "paka amekufa", si "paka imekufa", ijapokuwa hiyo ya pili tunaisikia mitaani kila siku. Swali linalobaki ni la maana: je, paka hufiwa? Na kama hufiwa, tumsaidieje?

Dalili zinazoonekana

Yapo mambo ambayo wafugaji wameyaona na watafiti wakayaandika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wafugaji wa Australia na New Zealand waliulizwa kuhusu mbwa na paka waliopoteza wenzao. Wengi walieleza kwamba paka aliyebaki aliwaandama watu kuliko kawaida, alilia zaidi, na alikwenda mara kwa mara mahali alipokuwa akilala mwenzake. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oakland, Marekani, Greene na Vonk, walichapisha majibu ya wafugaji zaidi ya 400. Humo paka waliobaki walielezwa kuwa walipunguza kula, kulala na kucheza, wakazidi kujificha na kuwa kama wanaotafuta kitu.

Hata hivyo, hizo ni taarifa za wafugaji, na mfugaji mwenye huzuni aweza kuiona huzuni yake machoni pa paka. Watafiti wenyewe walitoa tahadhari hiyo. Kwa hiyo hatudai kujua paka anawaza nini. Tunalojua ni kwamba mwenendo wake hubadilika, na mabadiliko hayo yanahitaji kuangaliwa.

Sababu zake

Paka huishi kwa harufu na kwa mazoea. Paka wawili wanaopatana husuguana mashavu na ubavu, wakapata harufu moja ya nyumbani. Hulambana, hulala pamoja, hugawana saa za kula na kona za jua. Mmoja akiondoka, nusu ya utaratibu huo huondoka naye, na harufu yake hufifia siku hata siku. Tena watu wa nyumba nao huwa wamebadilika: wako kimya, au wanasahau saa ya chakula. Paka huyasikia yote mawili.

Ya kufanya

Kwanza, tujue mwenzake amekufa kwa nini. Katika miji yetu paka wengi hufa kwa kula panya aliyelishwa sumu. Baadhi ya sumu hizo hukawia siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, na aliyebaki huenda naye amekula. Akilegea, akitokwa damu au akitetemeka, apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa baadhi ya sumu hizo zina tiba ikiwahiwa. Kama aliyekufa alikuwa akitapika na kuhara, yaweza kuwa maradhi ya virusi, ambavyo hudumu nyumbani kwa miezi mingi. Aliyebaki aangaliwe kama amechanjwa, na matandiko ya marehemu yachomwe. Na kama alikuwa mkali ghafla, akitokwa mate na kuuma watu, huenda ni kichaa cha mbwa. Hapo asishikwe kwa mikono mitupu. Ofisa wa mifugo aarifiwe, na aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, chakula. Hili ndilo jambo la hatari kuliko yote. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa aliye mnene, mwili wake huanza kupeleka mafuta kwenye ini hadi ini likashindwa kazi, na anaweza kufa. Kwa hiyo akikataa chakula kwa siku nzima, daktari aulizwe, tusingoje huzuni ipite. Mtoto wa paka asingojewe hata muda huo. Chakula kipashwe moto kidogo ili kinukie. Dagaa au samaki asiye na chumvi humvuta. Asilazwe chali na kumiminiwa uji mdomoni, maana utaingia kwenye mapafu. Wala asipewe parasetamoli kwa kudhaniwa ana homa: dawa hiyo ni sumu kwa paka, hata kwa kiasi kidogo.

Tatu, mazoea yabaki. Saa ya chakula, sahani na mahali pa kulala visibadilishwe. Ikiwa mwenzake hakufa kwa maradhi ya kuambukiza, matandiko yasifuliwe yote kwa siku moja. Harufu na iondoke polepole.

Nne, akija kwetu apokelewe: apigwe brashi, achezewe kwa kamba, azungumziwe kwa sauti ya kawaida. Akijificha asiburutwe. Tukae karibu, tusome kitabu chetu, atatoka mwenyewe.

Tano, tusikimbilie kuleta paka mwingine. Mgeni si badala ya aliyekufa, na kwa paka ni mvamizi. Tungoje mpaka aliyebaki ale na kulala vizuri. Mgeni akija, awekwe kwanza chumba cha peke yake, vitambaa vyao vibadilishwe ili wazoeane kwa harufu, ndipo waonane kwa dakika chache chache. Wapo paka wanaostarehe zaidi wakiwa peke yao, nao waachwe hivyo.

Huchukua muda gani? Katika utafiti wa mwaka 2016, mabadiliko mengi hayakuzidi miezi sita. Wengine hurejea hali yao baada ya wiki chache. Subira, basi, ila subira yenye macho.

Kwa darasa

Walimu wanaweza kulitumia somo hili kufundisha kauli za vitenzi. Wanafunzi waorodheshe vitenzi vingine ambavyo kutendea na kutendwa kwa pamoja humweka mbele yule aliyefikwa na jambo: kuibiwa, kukimbiwa, kuharibikiwa, kuzaliwa. Waeleze kipi kinafuata mpango wa kufiwa na kipi hakifuati. Kisha waulizane: je, Kiganda, Kiacholi au Kinyankole kina neno moja la "kufiwa", na je, wazee wangekubali litumiwe kwa mnyama?

Sisi kwa maoni yetu twalikubali. Neno hili halitulazimishi kudai kwamba paka anaomboleza kama sisi wenye matanga. Lasema tu kwamba mmoja ameondoka na mwingine amebaki, na latuelekeza macho kwa aliyebaki, ambaye sahani yake huenda haijaguswa tangu jana.