Chokaa Inayorudi Kuwa Jiwe

Mwenye nyumba katika Mji Mkongwe wa Zanzibar akiona lipu imeanza kumeguka, humwita fundi, na fundi huja na mfuko wa saruji. Ukuta unapigwa lipu, unapakwa rangi, unang'aa. Haipiti miaka mingi lipu hiyo mpya inabanduka vipande vipande, na ghorofani sakafu imeanza kubonyea. Hakuna aliyezembea. Kilichokosekana ni kujua ukuta ule umejengwa kwa kitu gani.

Kuta za mji huo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, na unene wake hufika nusu mita. Masika yakiingia, mawe hunywa maji. Jua likirudi, unyevu hutoka polepole kupitia vinyweleo vya chokaa. Saruji huviziba. Maji yakikosa njia hubaki ndani, chumvi iliyomo kwenye mawe huisukuma lipu nje, na boriti za mikoko, ambazo ncha zake zimelazwa ndani ya ukuta, huoza mahali pasipoonekana. Boriti ikikatika, dari nayo huenda.

Chokaa ni kitu cha ajabu. Matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi. Yakitiwa maji huchemka na kupasuka kuwa unga, na unga huo uliolowana huachwa ukae wiki kadhaa, hata miezi. Ukishapakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa, na kidogo kidogo hurudi kuwa jiwe. Jua kali likiukausha upesi, kazi yote imeharibika. Ndiyo maana ufundi huu haumalizwi darasani: mwanagenzi hushika mwiko kando ya fundi mzee, akakosea, akarudia, mpaka mkono wenyewe ujue chokaa imekuwa tayari.

Wazee hao wamepungua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa kila moja, na matengenezo ya kila mwaka, yaliyokuwa yakimpa mwashi riziki yake, yakafifia. Mwaka 1985 Serikali iliunda mamlaka ya kuuhifadhi mji huo wenye majengo yapatayo 1,700, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo peke yake haikuweza kuzishika kuta. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka jumba likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha.

Njia nyingine imeshaonekana, tena si mbali na hapo. Zahanati ya kale pale ufukweni, iliyojengwa na tajiri Tharia Topan, ilifufuliwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan katika miaka ya 1990, na kazi ikageuzwa kuwa shule: mafundi wa Zanzibar walijifunza juu ya jengo lenyewe, kuanzia chokaa hadi nakshi za roshani zake. Kila jengo la umma linalotengenezwa lingepaswa kuacha nyuma yake mafundi namna hiyo.

Lamu inatoa somo jingine. Huko mafundi walijenga kwa kipimo cha boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Nyumba zimesogeleana, daka huwapokea wageni mlangoni, na wikio huvuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, hivyo wanawake waliweza kutembeleana bila kupita njiani. Mji ni ujirani uliojengwa kwa mawe. Na wachongaji wa Lamu wangali na kazi: tezo na patasi husikika karakanani kwa sababu mlango wa nakshi, wenye mfaa na miimo iliyochorwa, bado unaagizwa na wenyeji, wenye hoteli na wageni wanaonunua nyumba. Mchongaji ana wateja kwa kuwa kazi yake inaonekana. Mwashi wa chokaa, anayeibeba nyumba nzima, hufichwa na rangi.

Kwa hiyo kumfundisha kijana chokaa kisha kumwacha bila kazi ni kumdanganya. Kazi hiyo iko mikononi mwa wakazi, na huanzia juu ya paa. Katika nyumba ya Mji Mkongwe yenye familia nne, paa likivuja ni familia ya ghorofa ya juu inayoweka ndoo. Ya chini hujua boriti zikiwa zimeshaoza. Kikao kimoja cha wapangaji wote kabla ya masika, kila familia ikatoa mchango wake, hutosha kumlipa mwashi na mwanagenzi wake wakapanda kuziba ufa ungali mdogo.